Mlima Hushukwa Kabla Hujaanza Kushuka

Hotuba hii ilitolewa Iringa mbele ya madereva wa safari za kambi. Tumeiweka yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu mliotutangulia barabarani, shikamooni. Ndugu madereva, akina dada mnaoshika usukani, na ninyi vijana mliopata leseni juzi, habari za asubuhi.

Hapa tulipo ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka hapa kwenda Mikumi, Morogoro au Dar es Salaam atapita Ilula, kisha atashuka Kitonga. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Mbele yake lori lenye mzigo wa kutoka Zambia, nyuma yake basi lenye haraka. Na ninyi mliomo humu mna jambo la ziada. Mnavuta karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ya mgeni aliyepanda nayo kutoka Afrika Kusini, au tela la kambi lenye majiko na mahema. Wengine mmo ndani ya gari-nyumba lenyewe, mna kitanda, friji, choo na tangi la maji nyuma ya migongo yenu.

Neno langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Mlima hushukwa kabla hujaanza kushuka. Ukishaona bonde limefunguka mbele yako, karibu kila uamuzi wa maana umeshapita. Gia imeshachaguliwa au haikuchaguliwa. Mzigo umeshapangwa au umetupwa tu. Mafuta ya breki ni mapya au ni ya miaka minne. Kinachobaki ni kuvuna ulichopanda juu.

Tuanze na mzigo.

Karavani yako ina uzito gani? Siulizi uzito ulioandikwa kwenye kibati cha kiwandani. Nauliza uzito wa leo, ikiwa na mitungi ya gesi, betri, makreti ya soda na hema la pembeni. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 ambazo hakuna aliyezihesabu. Tafuta mizani ya magari, hata ile ya ghala la mazao, ujue. Waingereza wana kanuni wanayompa anayeanza kuvuta: karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Gari la kilo 2,200 livute isiyozidi kilo 1,870. Na hata kanuni hiyo ikikuruhusu, usivuke kiwango alichoweka aliyetengeneza gari.

Lakini swali zito kuliko hilo ni hili: uzito huo umekaa wapi?

Mfuateni dereva mmoja nimwonyeshe. Ana karavani ya kilo 1,300, imepangwa vizuri, na kichwa cha ndoano, pale karavani inaposhikana na gari, kinabeba kilo 80. Hiyo ni asilimia 6 ya karavani, ipo pale inapotakiwa, kati ya asilimia 5 na 7. Anafika Ilula. Mnajua Ilula: nyanya. Mgeni anazipenda, bei nzuri, wananunua matenga mawili ya kilo 40 kila moja. Yanawekwa wapi? Nyuma kabisa, kwa sababu mlango wa nyuma ndio ulio karibu. Sasa pigeni hesabu. Ndoano iko mita 4 mbele ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya karavani, matenga yako mita 2 nyuma ya ekseli. Karavani ni kama mzani wa sokoni: kilo 80 nyuma zinainua kilo 40 mbele. Ndoano iliyokuwa na kilo 80 sasa ina 40. Asilimia 6 imekuwa 3. Na hapo ndipo Kitonga inapoanza.

Basi linampita. Upepo wake kwanza unaisukuma karavani pembeni, kisha unaivuta. Karavani yenye mkia mzito haitulii. Inarudi kulia, inarudi kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyopita. Gari la mbele linatikiswa kama mbwa anavyotikiswa na mkia wake. Afanye nini? Wapo wanaoambizana barazani kwamba ukanyage mafuta uinyooshe. Msifanye hivyo, nawasihi. Mwendo ndio unaolisha kuyumba huko. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima bila kuukimbiza mkia. Barabara tambarare hiyo ingetosha. Mteremkoni mlima unaendelea kukusukuma, kwa hiyo utagusa breki kwa upole, gari likiwa limenyooka. Wenye karavani za breki za umeme mna kitufe cha kufunga breki za karavani peke yake. Hicho ndicho cha kwanza kubonyeza, kwa sababu huivuta nyuma na kuinyoosha.

Ila dawa halisi ilikuwa Ilula. Nyanya zingewekwa sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, tusingekuwa na hadithi. Mlima hushukwa kabla hujaanza kushuka.

Na kipimo chake hakihitaji karakana. Chukua mizani ya bafuni. Egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu ya karavani, kata kipande cha mbao kinachosimama kati ya mizani na kichwa cha ndoano kikiwa kwenye kimo chake cha kuvutia, kisha pandisha gurudumu dogo la mbele mpaka mbao ibebe uzito wote. Soma. Dakika tano.

Sasa joto. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Mteremko wa asilimia 10 maana yake kila mita 100 unashuka mita 10. Chukueni gari la kilo 2,200 na karavani yetu ya kilo 1,300: jumla kilo 3,500. Lishusheni mita 500 kwenda chini. Nguvu ya mlima inayotaka kuwatupa bondeni ni lazima igeuke kitu kingine, na mikononi mwa dereva inageuka joto. Joto hilo, lote likikusanywa, lingetosha kuchemsha lita 50 za maji yaliyotoka bombani. Ndoo mbili na nusu! Zote zinaelekezwa kwenye vipande vya chuma ambavyo ungevibeba kwa mikono miwili.

Mtaniuliza: sasa mwendo unabadili nini, kama mlima ni uleule? Unabadili muda. Kwa kilometa 60 kwa saa kwenye mteremko huo, mzigo huo unazalisha joto kama la pasi za umeme 57 za wati 1,000, zote zimewashwa kwa pamoja. Kwa kilometa 30 ni kama pasi 28. Ndoo ni zilezile, lakini umezipa breki muda mara mbili wa kupumua. Na injini nayo, ikiwa kwenye gia nzito, inajibebea sehemu yake na kuitupa kupitia rejeta na bomba la moshi. Breki haina rejeta.

Kwa hiyo gia ndiyo inayoshusha gari. Breki ni msaidizi. Wazee wana kauli yao: shuka kwa gia uliyopandia. Ni nzuri, lakini injini za siku hizi zina nguvu za kupanda mlima kwa gia nyepesi mno, kwa hiyo mimi naongeza: au gia moja chini yake. Iingize kabla ya ukingo, mwendo ukiwa bado mdogo. Ukingoja gari lishike kasi, gia ya pili inaweza kukataa kuingia, na wakati unahangaika nayo gari liko frii. Mwenye gia za otomatiki asiache D ifanye inavyotaka. Asogeze kwenye 2 au L, au ashushe gia mwenyewe kwa alama ya kutoa (−), na azime kidhibiti mwendo (cruise control).

Gia ikishika na bado mwendo unapanda, tumia breki hivi. Umechagua kilometa 40. Ikifika 40, kanyaga kwa uhakika, kama sekunde tatu, ushuke mpaka 32 hivi. Achia kabisa. Iache ipande tena mpaka 40. Kanyaga, achia. Anayeweka mguu juu ya pedali toka Ilula mpaka Mahenge, hata kama anagusa kidogo tu, anapika breki zake kwa moto mdogo, na mnajua moto mdogo ndio unaoivisha maharage.

Zikishapikwa, zinakufa kwa njia mbili, na ni muhimu uzitofautishe, kwa sababu mguu wako ndio utakaokuambia. Ya kwanza: pedali ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halipungui. Hizo ni pedi zilizopata joto kupita kiasi, zimepoteza mshiko. Ya pili: pedali inalainika na kuzama mpaka sakafuni. Hayo ni mafuta ya breki yamechemka, kuna mvuke kwenye mabomba, na mvuke unabinyika. Ya pili unaweza kuipigapiga pedali haraka, ikainuka kidogo. Zote mbili: shusha gia nyingine, vuta hendibreki pole pole huku umebonya kitufe chake ili usiyafunge magurudumu, na kama hakuna njia, kwaruza ukuta wa mlima. Bati linanyooshwa. Usizime injini kamwe. Ukiizima, usukani unakuwa mzito na msaada wa breki unakwisha, na ukivuta ufunguo usukani unajifunga.

Kwa nini mafuta ya breki yachemke? Kwa sababu yanakunywa maji kutoka hewani. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 na 140. Nyuzi 75 zimepotea na kwenye chupa huoni kitu, rangi inaweza kuwa ileile. Badilisha kila miaka miwili. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji, usiinunue.

Na sasa jambo ambalo madereva wazuri kabisa hawalijui, kwa sababu kiti cha dereva hakilisikii. Karavani nyingi hazina bomba la breki linalotoka kwenye gari lako. Zinafunga kwa msukumo: gari likipungua mwendo, karavani inalisukuma, mkono wa ndoano unaingia ndani na kuvuta fimbo ya breki. Ni ubunifu mzuri. Lakini fikirieni Kitonga. Karavani inalisukuma gari muda wote, kutoka juu mpaka chini. Kwa hiyo breki zake zimegusa muda wote! Wewe mbele unajisifu: nimeshuka kwa gia, sijakanyaga breki hata mara tano. Nyuma yako dramu mbili, vikombe vya chuma vya breki ndani ya magurudumu ya karavani, zinaungua kimya kimya, grisi ya beringi inayeyuka, na kwenye dashibodi hakuna taa ya kukuambia.

Basi simama. Kwenye mteremko mrefu, chagua mapema mahali pana pa kuegesha, na usimame katikati ya mteremko. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la karavani bila kugusa. La kushoto na la kulia yalingane. Likiwa moja la moto na jingine baridi, breki haikurekebishwa sawa. Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, ngoja nusu saa. Na mambo mawili usiyafanye. Usimwagie maji dramu yenye moto, itapasuka. Na usiiache karavani kwa hendibreki wakati dramu zina moto. Zinapopoa husinyaa na kuzibana breki shuu, zikagoma kuachia. Weka vigingi. Ukiondoka, viokote, pamoja na mawe. Jiwe lako lililobaki barabarani usiku ni kifo cha mwendesha bodaboda.

Sasa niwape kisa kimoja cha kweli, cha zamani na cha mbali. Uingereza, pwani ya Devon na Somerset, jioni ya tarehe 12 Januari 1899. Meli iitwayo Forrest Hall iko taabani baharini. Kijijini Lynmouth kuna mashua ya uokoaji, Louisa, lakini mawimbi ni makali mno, haiwezi kushushwa majini. Watu wale wakaamua kuikokota nchi kavu mpaka Porlock Weir, mwendo wa kilometa 21 hivi, usiku, kwenye dhoruba. Mashua na mkokoteni wake, karibu tani 10. Farasi, na watu wapatao mia moja. Wakapanda Countisbury, mlima mkali. Na upande wa pili ukawangoja mteremko wa Porlock: moja kwa nne. Asilimia 25!

Walishukaje, ndugu zangu? Hawakuwa na gia. Hawakuwa na dramu. Watu walishika kamba nyuma wakaizuia kwa miili yao, hatua kwa hatua. Lakini nataka mwone jambo jingine. Kabla mashua haijaondoka walitanguliza watu wenye sururu na koleo wapanue njia mahali ilipokuwa nyembamba. Hawakungoja wafike pembamba ndipo waulizane. Alfajiri waliishusha majini, na kwenye meli ile hakuna aliyekufa. Tani 10, usiku, asilimia 25, na mlima ule ulishukwa Lynmouth, kabla gurudumu la kwanza halijazunguka.

Barabara hiyo ya Porlock ipo mpaka leo na kuna njia ya kulipia kando yake, yenye mteremko wa taratibu, ambayo mwenye karavani hushauriwa kuifuata. Kwingine Uingereza, mlima wa Sutton Bank huko Yorkshire, nao wa moja kwa nne, karavani zimepigwa marufuku kabisa. Sisemi haya kuwasifia. Nasema kwa sababu kwetu mara nyingi hakuna kibao cha kukuzuia. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto inapanda kona juu ya kona kupitia Soni, nyembamba, na ukutane na lori la mbao. Unaweza kupanda na karavani? Wapo waliopanda. Lakini uulize kwanza: je, ni lazima karavani ilale Lushoto? Iache Mombo mahali penye mlinzi, upande na gari tupu, mgeni alale hotelini siku mbili. Kukataa mlima nako ni udereva.

Kupanda nitapita haraka, kwa sababu mlima wa kupanda hukuaibisha zaidi kuliko kukuua. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukifika hapa Iringa umeshapoteza kama 15. Shusha gia mapema, injini izunguke, feni na pampu ya maji zifanye kazi. Geji ya joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho. Ndiyo, mtatoka jasho. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikizidi, egesha na uiache injini izunguke polepole, ila kama maji yamemwagika, zima. Mfuniko wa rejeta usiufungue kabla haijapoa.

Wenye magari-nyumba ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele, nanyi sikilizeni: mlimani uzito unahamia nyuma, na vyumba vyenu viko nyuma. Magurudumu ya mbele yanateleza kwenye vumbi au matope. Tangi la maji lililo nyuma ya ekseli mlimwage kabla ya kupanda, mjaze juu. Na tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maji yanakimbia huku na huku kila kona.

Ukizimikiwa mlimani na karavani, ujue hili: nyingi zina kifaa kinachoachia breki zake zikirudi nyuma, ili uweze kuzirudisha kwa rivasi. Kwa hiyo gari likirudi hata nusu mita, karavani haitakusaidia. Hendibreki ya karavani nayo, ukiivuta nusu, haishiki kwenda nyuma. Ivute mpaka juu kabisa. Na kabla hujaondoka, utingo ashuke aweke kigingi nyuma ya gurudumu la karavani, asimame pembeni, kamwe asisimame nyuma yake.

Kwenye kona kali, karavani hukata kona kwa ndani. Ipe nafasi, ingia kwa upana, piga honi, na kama anayepanda amebanwa, wewe unayeshuka mpishe. Kuanza tena mlimani ni kugumu kwake kuliko kwako. Gari-nyumba lina mkia mrefu nyuma ya ekseli: ukikata kulia, mkia unakwenda kushoto. Angalia kioo, kuna mtu wa baiskeli pale.

Mkifika Mahenge, chini ya Kitonga, msipitilize. Simameni robo saa, mzunguke gari, kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Angalieni waya wa usalama kama bado umeshika kwenye chasisi na hauburuzi. Kazeni nati za magurudumu. Hapo ndipo mjue kama kweli mlishuka vizuri, au mlibahatika tu.

Nimeona karavani nne na matela sita huko uwanjani, na matela matatu nimeyaona yameinua pua, mkia mzito. Mizani ya bafuni iko mlangoni, na mbao tumeshazikata. Nani anaanza?